Uzi: Tali Mendelberg na swali la nani anasikika kikaoni

Mwana Unyamwezi (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Leo tumzungumzie msomi ambaye sijaona akitajwa humu, ingawa kazi yake inatugusa kila tunapobishana kuhusu wanawake bungeni au ukabila kwenye kampeni. Anaitwa Tali Mendelberg, profesa wa siasa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1994. Tangu hapo amechimba mambo mawili ambayo wengi huyaona mbalimbali: rangi kwenye kampeni, na jinsia kwenye vikao. Mimi nayaona ni jambo moja, na nikifika katikati nitasema kwa nini. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Tuanze 1988. George H. W. Bush wa chama cha Republican anagombea urais dhidi ya Michael Dukakis wa Democratic, gavana wa jimbo la Massachusetts. Julai, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, Dukakis anaongoza kwenye kura za maoni kwa pointi 17. Kisha linaingia jina la Willie Horton, mfungwa mweusi aliyehukumiwa kwa mauaji. Massachusetts ilikuwa na utaratibu wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka mwishoni mwa wiki. Horton alitoka mwaka 1986 hakurudi, na mwaka uliofuata akambaka mwanamke huko Maryland na kumshambulia mchumba wa mwanamke huyo. Utaratibu wenyewe ulianza mwaka 1972 chini ya gavana wa Republican, lakini mzigo alitwishwa Dukakis.

Kundi lililomuunga mkono Bush likarusha tangazo la televisheni lenye picha ya Horton iliyopigwa na polisi. Kampeni yenyewe nayo ikatoa la kwake, likionyesha wafungwa wakipita kwenye lango linalozunguka, wanaingia na kutoka. Sasa sikilizeni maneno ya matangazo hayo. Hakuna mahali wanaposema "mweusi". Msimulizi anazungumzia uhalifu, wiki baada ya wiki. Rangi imo kwenye picha tu.

Hapo ndipo Mendelberg alipoweka jembe lake. Kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu karata ya rangi, yaani kutumia rangi ya ngozi kutafuta kura, kinaanza mbali, karne ya 19. Mwaka 1868 chama cha Democratic kiliingia kwenye uchaguzi kikisema waziwazi kwamba hii ni nchi ya watu weupe, na watu weupe waachwe watawale. Miaka mia moja baadaye, baada ya vuguvugu la haki za kiraia na sheria ya 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi, kusema hivyo hadharani kukawa mwiko. Je, mwanasiasa anayetaka kura za wenye chuki afanye nini? Jibu rahisi ni kwamba anaficha ujumbe ili wapinzani wasimkamate. Mendelberg anakwenda mbele zaidi: anaficha ili *mpiga kura mwenyewe* asijue. Mzungu wa kawaida wa miaka ya 1980 aliamini kwa dhati kwamba binadamu ni sawa, na wakati huohuo alibeba kinyongo dhidi ya weusi. Ukimwambia kinyongo chake usoni, imani yake ya usawa inaamka na anakukataa. Ukimwonyesha picha huku ukizungumzia uhalifu, kinyongo kinafanya kazi na dhamiri imelala.

Alipimaje? Njia moja iliyonivutia ni hii. Watafiti wa uchaguzi wa Marekani huhoji wapiga kura kwa wiki kadhaa mfululizo kabla ya kura. Oktoba 1988, kampeni ikikaribia mwisho, Jesse Jackson, mwanasiasa mweusi wa Democratic, alisimama akasema wazi kwamba matangazo yale ni ya kibaguzi. Vyombo vya habari vikaanza kujadili rangi kwa jina lake. Mendelberg akalinganisha waliohojiwa kabla ya kauli ya Jackson na waliohojiwa baada yake. Kabla, kinyongo cha rangi kilikuwa na nguvu kubwa katika kumpima Dukakis na Bush. Baada ya kutajwa, nguvu ile ikashuka. Na katika jaribio lake alilochapisha mwaka 1997, habari za Horton ziliamsha chuki ya rangi kwa watazamaji, si hofu ya uhalifu.

Bush alishinda majimbo 40, hilo linajulikana. Ila wazo kwamba kulitaja jambo kunalipunguza makali lilibaki, na mwaka 2002 kitabu kikapata tuzo kubwa ya chama cha wanasayansi wa siasa wa Marekani.

Nitaendelea. Naweka kituo hapa, wenye maswali karibuni.

Mama Kijacho

Nimekaa mkao wa kula. Shusha nondo, mkuu.

Kaka Mwamba

Mtoa mada, nina pingamizi. Kama kutaja kunaua makali, mbona kuna wanasiasa wa Marekani siku hizi wanasema mambo hayohayo kweupe na kura zinaongezeka? Trump alianza kampeni yake 2015 kwa kuwasema Wameksiko vibaya mchana kweupe na 2016 akashinda. Nadharia imevunjika.

Mwana Unyamwezi

Kaka Mwamba, pingamizi lako lina wenyewe na lilikuja mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 2006 Gregory Huber na John Lapinski walichapisha majaribio yao wakisema ujumbe uliofichwa hauna nguvu zaidi ya ulio wazi. Mendelberg akawajibu, nao wakamjibu, na mwaka 2008 mjadala ulichapishwa pande zote mbili katika jarida moja. Kila upande ulifungua data zake na kuonyesha mwenzake alipima nini na hakupima nini.

Kisha mwaka 2018 Nicholas Valentino na wenzake wakaleta majaribio ya karibuni zaidi: Wamarekani wengi weupe siku hizi hawaukatai tena ujumbe wa wazi kama zamani. Mimi silisomi hilo kama kuvunjika kwa nadharia. Mendelberg alisema tangu mwanzo kwamba yote yanategemea mwiko. Mwiko ukilegea, sababu ya kujificha inaisha. Aliyesoma sura zake za karne ya 19 alishaona nchi hiyohiyo bila mwiko huo. Kinachonitisha mimi ni kwamba ulijengwa kwa jasho na damu ya watu wengi, na umelegea ndani ya muda mfupi sana.

Baharia wa Kilindini

Sisi huku Kenya tunaelewa hiyo ya kusema bila kusema. Kampeni ikipamba moto hakuna anayetaja kabila, lakini kila mtu kwenye mkutano anajua "watu wetu" ni akina nani na "wageni" ni akina nani. Endelea bwana.

Mwana Unyamwezi

Asante Baharia. Sasa nafika pale nilipoahidi, yaani kiungo kati ya rangi na vikao. Ni makala ambayo watu hawaitaji sana, lakini kwangu ndiyo moyo wa kazi yake. Aliiandika na John Oleske, ikatoka mwaka 2000.

Waliangalia mikutano miwili ya hadhara huko New Jersey. Mada moja: kuunganisha shule ili watoto weusi na weupe wasome pamoja. Mkutano mmoja ulikuwa na watu weupe karibu watupu, mwingine ulikuwa mchanganyiko.

Kwenye mkutano wa weupe, kila kitu kilikwenda vizuri ukitazama kwa nje. Watu walipeana nafasi, walisikilizana, walitoa hoja. Walisema wanatetea ubora wa elimu, haki ya mji kuamua mambo yake, maslahi ya watoto wote. Wakakubaliana. Kwa kipimo cha wanafalsafa wanaosifu mjadala wa hadhara, hicho ni kikao cha mfano.

Maneno hayohayo yalipotamkwa mbele ya wazazi weusi kwenye mkutano wa pili, yalisikika tofauti kabisa. "Ubora wa elimu" ukasikika kama "watoto wenu watashusha shule yetu", nao wakasema hivyo. Weupe wakaona wametukanwa. Mkutano ukajaa shuku na kila upande ukarudi nyumbani na msimamo wake.

Tukiuangalia juujuu tutasema mkutano wa kwanza ulikuwa mjadala mzuri na wa pili ulikuwa vurugu. Mimi nasema amani ya ule wa kwanza ilitokana na nani hakuwemo ukumbini. Hapo ndipo nilipoona uzi mmoja unaoshona kazi yote ya huyu mama: maneno yanayoonekana ya watu wote yanaweza kubeba maslahi ya wachache, na utajua tu ukiangalia nani yuko chumbani na nani ana uwezo wa kusema "ngoja kwanza". Kutoka hapo kwenda kwenye jinsia ni hatua moja.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Naomba nitie neno kabla hujafika kwenye jinsia. Nimekaa kwenye mikutano mikuu ya kijiji miaka mingi. Akina mama wanakuja, tena wengi. Wanakaa upande wao, kanga na watoto mgongoni. Mwenyekiti anafungua, anauliza nani ana hoja, wanasimama wanaume watano walewale. Mwisho: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyooo. "Wasioafiki waseme siyo." Kimya. Limepita. Mkutano ukiisha, njiani, ndipo utawasikia akina mama wanasema kisima kimewekwa mahali pabaya. Mimi huwa nawaambia, mlikuwa wapi kusema? Hakuna aliyewafunga mdomo. Tusilaumu wanaume kwa kila kitu, wanawake wengi kwa asili hawapendi kusema hadharani.

Mama Kijacho

Mjumbe, samahani baba, kwa heshima zote. Mimi ni katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, tupo wanawake watupu. Njoo siku ya mgao uone kama hatupendi kusema. Tunakwenda mpaka magharibi. Hao unaowaona wamekaa upande wao na kanga ndio haohao.

Mwana Unyamwezi

Mjumbe na Mama Kijacho mmefungua mlango nilioutaka. Swali la Mjumbe, kwamba ni asili yao au ni kikao, ndilo ambalo Mendelberg na mwenzake Christopher Karpowitz wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliamua kulipima.

Kwanza mjue kwamba hali ya kijiji cha Mjumbe ipo Marekani pia. Jimbo la Vermont wana mikutano ya miji ambapo kila mkazi anaweza kusema na kupiga kura, hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi. Frank Bryan na wanafunzi wake waliifuatilia kwa miongo mitatu, mikutano zaidi ya elfu moja. Wanawake walikuwa asilimia 46 ya waliohudhuria, lakini asilimia 28 tu ya mara zote watu waliposimama kusema. Ila kwa kuhesabu hivyo huwezi kujua sababu. Labda wanaokuja ni wapole, labda wanaume wana mashamba makubwa zaidi, labda mada ni za barabara.

Karpowitz na Mendelberg wakafanya jaribio. Watu 470, makundi 94, kila kundi watu watano. Nusu ya kazi ilifanyika Princeton, nusu Provo, Utah, ambako watu ni wahafidhina na wengi ni Wamormoni. Waliochagua wakae kundi gani si washiriki wenyewe, walipangwa kwa bahati nasibu. Kuna makundi yenye mwanamke mmoja, wawili, watatu, wanne, na mengine ya jinsia moja tupu. Halafu nusu ya makundi yaliambiwa uamuzi utapita kwa wingi wa kura, nusu yakaambiwa lazima kauli moja, wote watano wakubali.

Nao hawakupewa mada ya kupitisha muda. Waliambiwa: mtafanya kazi ya kusahihisha maandishi, mtalipwa, lakini kwanza mkubaliane mapato yagawanywe vipi. Mtaweka kima cha chini ambacho hakuna atakayeshuka chini yake? Kiasi gani? Au kila mtu achukue alichochuma? Wakakaa mezani wakajadiliana, na maneno ya kila mmoja yakarekodiwa ili ijulikane nani alisema kwa muda gani, nani alimkatiza nani, na kwa namna gani. Mwishoni kila mmoja akaandika kwa siri nani alikuwa na ushawishi zaidi.

Sasa matokeo. Pale ambapo wanawake ni wachache na kanuni ni wingi wa kura, muda waliozungumza haukufika robo tatu ya muda wa wanaume. Walikatizwa kwa namna ya kubezwa zaidi, na wenzao wachache waliwataja kuwa na ushawishi. Lakini chukua kundi lenye wanawake wachache vilevile, badilisha kanuni tu, sema lazima kauli moja. Pengo linafutika. Na chini ya wingi wa kura, wanawake wakiwa wengi sana, wanne kwa mmoja, pengo linafutika pia.

Mjumbe, tazama hapo vizuri. Walipangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo wanawake waliozungumza kidogo na waliozungumza sawa na wanaume ni watu wa aina moja. Asili yao haikubadilika kati ya chumba na chumba. Kilichobadilika ni kanuni iliyotangazwa mlangoni na idadi ya waliokaa naye.

Mwalimu Jioni

Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini wingi wa kura uwaumize? Kura ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume. Pili, hata wakinyamaza, kuna hasara gani ikiwa uamuzi ni uleule?

Mwana Unyamwezi

Mwalimu, la kwanza. Wanavyoeleza wao, kanuni ya wingi inawaambia watu kwamba nguvu ni idadi. Mkishafika watatu kati ya watano, wawili hamna haja nao, na si lazima msikilize. Mtu ambaye jamii imeshamfundisha tangu utoto kujihisi ana mamlaka madogo ndiye anayeumia zaidi na ishara hiyo. Kanuni ya kauli moja inasema kinyume: bila wewe hatutoki hapa.

Kuna kitu kidogo walichokigundua kwenye rekodi ambacho kwangu ni kikubwa kuliko takwimu zote. Si kila kukatiza ni kubaya. Mwenzako anaposema "naam", "kweli kabisa", "hapo umesema" wakati unaongea, anakusukuma uendelee. Wanawake walipopata maneno hayo walizungumza zaidi na kujiamini zaidi, na wenzao waliwaona wana ushawishi. Wakiwa wachache chini ya kanuni ya wingi walipata hayo kidogo sana. Kila mtu humu aliyewahi kusimama kwenye kikao huku watu wakiangalia simu anajua ninachosema.

La pili: uamuzi haukuwa uleule. Wanawake walipokuwa na sauti, mazungumzo yalielekea kwa watoto, familia, wasio na uwezo. Na chini ya kanuni ya wingi, makundi yenye wanawake wengi yaliweka kima cha chini cha ukarimu zaidi kwa maskini. Kisima cha kijijini kwa Mjumbe ni hichohicho.

Kaka Mwamba

Sawa, nimeelewa. Basi dawa ni rahisi, kila kikao kiamue kwa kauli moja. Tumemaliza.

Mwana Unyamwezi

Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wengi wanaikosea kazi yao. Kauli moja inampa nguvu aliye mchache, yeyote yule. Kundi likiwa na wanawake wanne na mwanamume mmoja, kanuni ya kauli moja inamnyanyua huyo mwanamume mmoja. Kwa hiyo ushauri wao una pande mbili: wanawake wakiwa wachache, tumia kauli moja, wakiwa wengi, tumia wingi wa kura. Kanuni lazima ilingane na watu waliopo.

Baadaye waliangalia kumbukumbu za vikao vya bodi za shule huko Marekani, nje ya maabara, na wakakuta wanawake walio wachache kwenye bodi wanasema chini ya fungu lao.

Baharia wa Kilindini

Hii inanirudisha kwetu. Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limeshindwa kutunga sheria, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Kwa mujibu wa huyu profesa, hata tukifikisha theluthi moja, bado akina mama watanyamazishwa?

Mwana Unyamwezi

Baharia, tuwe waangalifu. Walichopima ni watu watano mezani, wasiojuana, bila vyama. Bunge lina vyama, kamati, spika, kanuni za muda wa kusema. Siwezi kuchukua namba ya Provo nikaipachika Nairobi au Dodoma. Lakini nachukua swali lake. Sisi Tanzania Katiba inataka viti maalum visivyopungua asilimia 30, na mjadala wetu kila mwaka unaishia kwenye hesabu ya vichwa. Theluthi moja chini ya kanuni ya wingi ndiyo hali ambayo kwenye jaribio lile iliwanyima wanawake sauti. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, theluthi itetewe kwa nguvu zote, na siku hiyohiyo tuulize kamati zinaamuaje na nani anapewa nafasi ya kwanza kusema.

Kwa karibu zaidi na vijiji vyetu kuna utafiti wa India, jimbo la Tamil Nadu, uliotoka mwaka 2019 na Ramya Parthasarathy, Vijayendra Rao na Nethra Palaniswamy. Walichambua maandishi ya mikutano ya vijiji. Wanawake walikuwa na nafasi ndogo ya kusema, kuamua ajenda na kujibiwa na viongozi. Ila kwenye vijiji ambako uenyekiti ulitengwa kwa mwanamke, wanawake waliosimama walijibiwa zaidi.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Mtoa mada, nimesoma yote mara mbili. Hiyo ya kuwapanga kwa bahati nasibu ndiyo imenikalia. Kamati yetu ya maji ina watu tisa, wanawake watatu, na mwezi ujao tunaamua kituo kipya cha kuchotea. Tukisema lazima wote tisa wakubali, si tutalala pale?

Mwana Unyamwezi

Mzee wangu, mtachelewa kidogo, ni kweli. Lakini mtangaze mapema kabisa, kabla ya hoja ya kwanza, kwamba hakuna kura na hakuna kutoka mpaka wote tisa waridhike, maana kwenye makundi yale washiriki waliijua kanuni kabla hawajaanza kuzungumza. Ukitangaza mwishoni watakuwa wameshanyamaza. Na mwenyekiti anapomsikiliza mama mmojawapo, amwitikie wakati anaongea.

Mama Kijacho

Na mkutane saa ambayo sisi tumeshatoka kuchota maji, Mjumbe. Saa kumi jioni ni sawa.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Saa kumi. Nimeandika.